Boston, mji uliojitengenezea ardhi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yafuatayo ni yale ambayo wasemaji wa Kiswahili huyarudia kabla ya kufika Boston, na tena miezi michache baada ya kufika. Yameanzia kwenye misingi na kuishia kwenye mambo ya nadra. Pale ambapo jibu moja linategemea jingine, msomaji ameelekezwa huko badala ya jambo lilelile kuandikwa mara mbili.

## Misingi

Boston iko wapi, na ni kubwa kiasi gani?

Boston ni mji mkuu wa jimbo la Massachusetts, katika pembe ya kaskazini-mashariki ya Marekani iitwayo New England. Umekaa ukingoni mwa Bahari ya Atlantiki, mahali ambapo mto Charles unaingia bandarini. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi 675,647, idadi ambayo huwashangaza wanaoujua mji huu kwa sifa zake tu, kwa kuwa Nairobi au Dar es Salaam ni kubwa mara kadhaa zaidi.

Sababu ya udogo huo ni mipaka. Manispaa ya Boston ina kilomita za mraba zipatazo 125 za nchi kavu, na miji ambayo mgeni huiona kama mitaa yake, kama vile Cambridge, Somerville na Brookline, ina serikali zake, polisi wake na shule zake. Ukivijumlisha vitongoji vyote vinavyoutegemea mji huu kwa kazi na usafiri, unapata watu wanaokaribia milioni 4.9. Kwa hiyo mtu anayesema "naishi Boston" huenda analala mji mwingine kabisa, na hasemi uongo. Ndivyo wenyeji wenyewe wanavyozungumza wakiwa mbali na nyumbani.

Je, Harvard iko Boston?

Makao yake makuu yako Cambridge, ng'ambo ya mto, ingawa shule yake ya udaktari na ile ya biashara zimejengwa upande wa Boston. MIT, chuo maarufu cha teknolojia, ilizaliwa Boston mwaka 1861, ikahamia Cambridge mwaka 1916. Chuo Kikuu cha Boston, kama jina lake linavyosema, kiko Boston.

Mji ulianzishwa lini, na nani?

Kabla ya Waingereza kufika, rasi hii iliitwa Shawmut na ilikuwa katika nchi ya Wamassachusett, ambao jimbo zima limebeba jina lao. Maradhi yaliyoletwa na mabaharia wa Ulaya yalikuwa yamewaua wengi wao hata kabla ya walowezi kujenga, na jambo hilo halipaswi kurukwa na mtu anayesimulia mwanzo wa mji.

Walowezi waliofika mwaka 1630 wakiongozwa na John Winthrop walikuwa Wapuritani, Waprotestanti wa msimamo mkali waliotaka kujenga jamii inayofuata Maandiko kama wao walivyoyaelewa. Waliamini kwamba kila mtu anapaswa kujisomea Biblia, na imani hiyo iliacha alama kubwa kuliko kanisa lao lenyewe. Miaka mitano baadaye, mwaka 1635, walifungua shule ya Boston Latin, ambayo ingali inafundisha hadi leo, na mwaka 1636 wakaanzisha chuo kilichokuja kuitwa Harvard. Uwanja wa Boston Common, uliotengwa mwaka 1634 kwa malisho ya ng'ombe, ndio bustani ya umma kongwe kuliko zote Marekani. Ukiuliza kwa nini mji mdogo namna hii una vyuo vingi hivi, jibu linaanzia hapo.

## Bahari na ardhi

Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya mji imejengwa juu ya bahari?

Ni kweli, na kwa maoni yangu hili ndilo jambo la kwanza ambalo mgeni anapaswa kulijua, kwa sababu linaeleza mambo mengine mengi. Rasi ya awali ilikuwa ndogo, yenye vilima vitatu, na iliunganishwa na bara kwa shingo nyembamba ya ardhi ambayo maji ya bamvua na dhoruba yaliweza kuifunika, mji ukawa kama kisiwa. Bandari ilipotajirika watu walibanana, na kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kwenda, walianza kuitengeneza ardhi wenyewe. Vilima vilichongwa na udongo wake ukamwagwa ufukweni. Kilima cha Beacon Hill, kinachobeba jengo la serikali ya jimbo lenye kuba la dhahabu, kimebaki kifupi sana kuliko kilivyokuwa, na wenzake wawili wametoweka kabisa. Kumbukumbu yao imebaki katika jina la barabara ya Tremont, yaani "vilima vitatu".

Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa kuifukia Back Bay, ghuba ya matope iliyojaa na kupwa pamoja na bahari, na ambayo uchafu wa mji ulikuwa umeifanya inuke. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1850 treni zilibeba changarawe kutoka Needham, umbali wa kilomita zipatazo 15, usiku na mchana, huku mashine za mvuke zikipakia mabehewa. Ilichukua zaidi ya miaka 20. Mitaa iliyonyooka ya Back Bay, yenye nyumba za matofali zilizopangana kwa adabu, imesimama mahali palipokuwa maji, ilhali mitaa inayopinda ya katikati ya mji inafuata njia za rasi ya zamani. Mtu akitembea na kuona barabara zimenyooka ghafla, ajue amevuka ufuko wa zamani. Hata uwanja wa ndege wa Logan umepanuliwa kwa kumeza visiwa vilivyokuwa bandarini.

Kama majengo yamesimama juu ya kifusi, kwa nini hayazami?

Majengo ya zamani ya Back Bay yamekalia magogo marefu yaliyopigiliwa hadi kwenye tabaka gumu chini ya matope. Kanisa la Trinity katika uwanja wa Copley, lililokamilika mwaka 1877, limebebwa na magogo takriban 4,500. Mti ukizama muda wote katika maji hauozi, kwa kuwa hewa haiufikii. Hatari huja pale maji ya ardhini yanaposhuka na vichwa vya magogo vikabaki wazi. Bomba la majitaka linalovuja au handaki linalonyonya maji linaweza kushusha kiwango hicho, na mwenye nyumba akajikuta analipa fedha nyingi ili magogo yaliyooza yakatwe na kujazwa zege. Ndiyo maana mji umetoboa visima vya kupimia maji ya ardhini katika mitaa hiyo, na mnunuzi makini huuliza hali ya magogo kabla hajauliza idadi ya vyumba.

"Big Dig" ni nini, na kwa nini watu wazima bado wanaisimulia kwa uchungu?

Mwaka 1959 ilikamilika barabara kuu iliyopita juu ya nguzo za chuma katikati ya mji. Ujenzi wake uliwaondoa watu wapatao 20,000 katika makazi yao na kuutenga mtaa wa North End na mji uliobaki, kama ukuta. Baada ya miongo mitatu iliamuliwa kwamba barabara hiyo izikwe katika handaki, na mradi huo ndio uitwao "Big Dig", yaani uchimbaji mkubwa. Uchimbaji ulianza mwaka 1991 na mradi ukafungwa rasmi mwishoni mwa 2007, ukiwa umegharimu dola zaidi ya bilioni 14, mara nyingi zaidi ya makadirio ya kwanza. Mwaka 2006 vipande vya zege vya dari ya handaki viliangukia gari na kumuua mwanamke mmoja.

Uchungu huo una haki yake, lakini mtu asimalizie hapo. Juu ya handaki, mahali pa ule ukuta wa chuma, sasa kuna bustani ndefu iitwayo Rose Kennedy Greenway, na mtoto wa North End anatembea hadi katikati ya mji chini ya miti. Sidhani kwamba kuna mkazi ambaye angekubali barabara ile irudishwe juu.

Je, bandari ni safi kiasi cha kuogelea?

Ndiyo, na jambo hilo lisingeaminika miaka ya 1980, wakati majitaka ya miji mingi yalipokuwa yakimwagwa bandarini bila kusafishwa vya kutosha. Mahakama ya shirikisho ililazimisha mabadiliko mwaka 1985. Kilijengwa kiwanda kikubwa cha kusafishia majitaka katika kisiwa cha Deer Island, chenye matangi yenye umbo la mayai ambayo abiria wa ndege huyaona wanapotua, na tangu mwaka 2000 maji yaliyosafishwa husafirishwa kwa handaki la kilomita 15 hivi hadi kwenye kina kirefu. Fukwe za South Boston sasa ni miongoni mwa fukwe safi za mijini nchini humo. Maji yenyewe ni ya baridi hata mwezi wa Agosti. Aliyezoea Bahari ya Hindi ajiandae.

Je, bahari inaweza kudai ardhi yake?

Imeanza kubisha hodi. Maji ya Boston hujaa na kupwa kwa tofauti ya mita tatu hivi, na dhoruba ikigongana na bamvua, mitaa ya chini hufurika. Tarehe 4 Januari 2018 maji ya bahari yaliingia hadi katika kituo cha treni cha Aquarium. Maeneo yanayoathirika kwanza ni yaleyale yaliyofukiwa, pamoja na East Boston na mtaa mpya wa Seaport, ambako minara ya kioo imejengwa kwa kasi juu ya maegesho ya zamani. Mji umeanza kuinua kingo na bustani za ufukweni, lakini kazi iliyobaki ni kubwa kuliko iliyofanyika.

Mafuriko ya molasi yalitokea kweli?

Yalitokea tarehe 15 Januari 1919 katika mtaa wa North End. Tangi lenye kimo cha mita 15, lililojaa zaidi ya lita milioni nane za molasi iliyokusudiwa kutengenezewa alkoholi, lilipasuka na wimbi likabomoa nyumba na kukunja nguzo za reli ya juu. Watu 21 walikufa na wapatao 150 wakajeruhiwa. Waliokufa wengi walikuwa vibarua na watoto wa wahamiaji, nao hawastahili kugeuzwa kisa cha kuchekesha wageni, kama ambavyo hufanywa mara nyingi.

## Historia na watu

Kisa cha chai baharini kilikuwaje?

Usiku wa tarehe 16 Desemba 1773, baada ya mkutano mkubwa katika jengo la Old South, wanaume waliojigeuza sura walipanda merikebu tatu na kutupa baharini masanduku 342 ya chai ya Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki. Walipinga kutozwa kodi na bunge ambalo hawakuwa na mjumbe ndani yake. Uingereza ilijibu kwa kuifunga bandari mwaka 1774, na kufikia Aprili 1775 vita vilikuwa vimeanza. Njia ya Uhuru, mstari mwekundu wa kilomita nne uliochorwa barabarani, humpitisha mgeni katika maeneo 16 ya historia hii kwa nusu siku.

Watu Weusi wana nafasi gani katika historia ya Boston?

Kubwa, tangu mwanzo. Mtu anayehesabiwa wa kwanza kuuawa na askari wa Uingereza tarehe 5 Machi 1770 alikuwa Crispus Attucks, baharia mwenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa Amerika. Phillis Wheatley aliletwa bandarini mwaka 1761 akiwa mtoto mtumwa, na mwaka 1773 kitabu chake cha mashairi kikachapishwa London. Mahakama za Massachusetts ziliukatilia mbali utumwa mwaka 1783, na mwaka 1806 jumuiya huru ya Beacon Hill ikajenga African Meeting House, jengo kongwe la kanisa la Weusi lililosalia Marekani. Humo ndimo wapinga utumwa walimopanga mikakati.

Karne ya 20 iliongeza majina mengine. Martin Luther King alipata udaktari wake wa falsafa Chuo Kikuu cha Boston mwaka 1955, na ni Boston alikokutana na Coretta Scott, aliyekuwa akisomea muziki. Malcolm X alikaa Roxbury kwa dada yake akiwa kijana. Tangu Januari 2023 sanamu kubwa ya shaba ya mikono iliyokumbatiana imesimama Boston Common kuwakumbuka King na Coretta.

Kwa nini basi mji huu una sifa ya ubaguzi?

Kwa sababu sifa hiyo ilipatikana mchana kweupe. Mwaka 1974 jaji wa shirikisho, Arthur Garrity, aliamua kwamba kamati ya shule ilikuwa imezitenganisha shule kwa rangi kwa makusudi, akaamuru wanafunzi wapelekwe kwa mabasi nje ya mitaa yao. Septemba ya mwaka huo mabasi yaliyobeba watoto Weusi kuingia South Boston yalipokewa kwa mawe na matusi. Watoto wa familia maskini za pande zote mbili ndio walioubeba mzigo, huku vitongoji vya matajiri vikiwa nje ya amri ya mahakama kwa sababu ya mipaka iliyotajwa katika swali la kwanza.

Mengi yamebadilika. Mwaka 2021 Kim Janey, aliyekuwa miongoni mwa watoto waliopanda mabasi hayo, alikuwa kaimu meya, na mwaka huohuo Michelle Wu, binti wa wahamiaji kutoka Taiwan, akachaguliwa kuwa meya. Hata hivyo mitaa bado inasomeka kwa rangi: Roxbury, Dorchester na Mattapan zimebeba Weusi wengi, wakiwamo Wahaiti na watu wa Kepuvede, na mgeni atauona mpaka huo ndani ya treni, abiria wanavyobadilika kituo baada ya kituo.

Waairishi waliingiaje katika picha?

Kwa njaa. Viazi vilipooza Ireland kuanzia mwaka 1845, maelfu walishuka katika bandari hii wakiwa hawana kitu, wakapokewa vibaya na Waprotestanti waliokuwa wenye mji. Walijibu kwa siasa: polisi, zimamoto, ofisi ya meya, na hatimaye Ikulu ya Washington, alipoingia John F. Kennedy, mzaliwa wa Brookline mwaka 1917. Waitaliano waliwafuata, na North End ingali inanukia kahawa na mkate wao.

Je, kuna uhusiano wowote wa kale kati ya eneo hili na Waswahili?

Upo, na uko katika lugha yetu wenyewe. Kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi kiliitwa *merikani* kwa sababu kililetwa na Wamarekani, na Wamarekani hao walikuwa hasa mabaharia wa Salem, bandari iliyo kilomita 25 hivi kaskazini-mashariki ya Boston. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alitia saini mkataba wa biashara na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem akafika Unguja kama konseli wa kwanza. Merikebu zao zilileta vitambaa vya viwanda vya Massachusetts, vikiwemo vya mji wa Lowell, na kuondoka na pembe za ndovu, ngozi na sandarusi, ambayo ilisafishwa Salem na kutengenezewa vanishi ya samani. Merikani ilisafiri na misafara hadi bara, ikawa kama fedha ya kulipia chakula na hongo ya njiani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipokata pamba, soko hilo lilichukuliwa na vitambaa vya Uingereza na India.

Ikumbukwe kwamba pembe zile zilibebwa mabegani, mara nyingi na watumwa, na kwamba pamba ile ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Massachusetts iliyojivunia kuukomesha utumwa nyumbani iliendelea kula faida yake kwa mbali. Leo Lowell ina jumuiya kubwa ya Wakenya, nao wanaishi hatua chache kutoka viwanda vilivyowafumia mababu zao merikani.

## Tabia ya mji

Ni kweli kwamba watu wa Boston hawana ukarimu?

Hawana maneno, na hilo ni jambo tofauti. Anayetoka pwani yetu, ambako salamu huchukua dakika tano na kuuliza hali ya nyumbani ni lazima, ataona ukavu: jirani anaweza kupita bila kukutazama kwa mwaka mzima. Lakini jirani huyohuyo, gari lako likikwama thelujini, atatoka na koleo lake bila kuitwa, akachimba nawe nusu saa, na kurudi ndani bila kungoja shukrani. Nionavyo, ukavu huu ni mchanganyiko wa urithi wa Wapuritani, msimu mrefu wa baridi, na mitaa iliyojifunza kujitegemea. Ushauri wangu ni kuanza kusalimia wewe. Baada ya salamu tatu nne wengi hufunguka, na aliyekufungukia hakutupi.

Lafudhi yao ikoje?

Wenyeji wa tabaka la wafanyakazi huiacha herufi *r* inapofuata irabu, hata neno *car* likasikika kama "kaa" letu na *park* likawa "paak". Kisha *r* ile iliyoachwa hujitokeza isipohitajika, katikati ya irabu mbili. Sisi tuliozoea kila herufi itamkwe tutahitaji muda. Neno *wicked*, ambalo kwingine humaanisha "ovu", hapa hutumika kama "sana".

Michezo ina uzito gani?

Uzito wa dini. Fenway Park, uwanja wa besiboli wa timu ya Red Sox, unatumika tangu mwaka 1912 na ndio mkongwe kuliko yote katika ligi kuu. Timu hiyo ilikaa miaka 86 bila ubingwa hadi mwaka 2004, na siku chache baada ya ushindi huo watu waliweka bendera na magazeti juu ya makaburi ya wazazi wao waliokufa wakisubiri. Celtics wa mpira wa kikapu walitwaa ubingwa wao wa 18 mwaka 2024. Mataji 11 kati ya hayo yaliletwa na Bill Russell, ambaye mji ulimshangilia uwanjani na kumbagua mtaani.

Mbona jina la Boston linajulikana sana vijijini Kenya na Tanzania?

Kwa ajili ya marathoni. Mbio hizi zilianza mwaka 1897, na siku hizi hukimbiwa Jumatatu ya tatu ya Aprili, kutoka mji wa Hopkinton hadi barabara ya Boylston. Mwaka 1988 Ibrahim Hussein wa Kenya alikuwa Mwafrika wa kwanza kushinda, akimtangulia Juma Ikangaa wa Tanzania kwa sekunde moja tu baada ya zaidi ya saa mbili za kukimbia. Ikangaa alikuwa wa pili tena mwaka 1989 na mwaka 1990, na wazee wa mji huu bado wanalitaja jina lake kwa heshima ambayo washindi wengine hawaipati. Hussein alishinda tena mwaka 1991 na 1992, na baada yake mlango ulibaki wazi: Catherine Ndereba na Robert Kipkoech Cheruiyot walishinda mara nne kila mmoja. Watanzania wamelikaribia tena taji: Gabriel Geay alikuwa wa pili mwaka 2023, na Alphonce Simbu mwaka 2025.

Ugumu wa njia hii ni udanganyifu wake. Inateremka mwanzoni na kumshawishi mkimbiaji atumie nguvu, kisha mji wa Newton humletea vilima vinne, cha mwisho kikiitwa Heartbreak Hill, yaani kilima cha kuvunja moyo, karibu na kilomita ya 33. Tarehe 15 Aprili 2013 mabomu mawili yalilipuka karibu na mstari wa mwisho, yakaua watu watatu na kujeruhi mamia. Mwaka uliofuata watu walijaa barabarani kuliko kawaida. (Kuhusu muda wa Geoffrey Mutai, Mkenya aliyeshinda mwaka 2011, tazama swali la mwisho.)

## Kuishi Boston

Usafiri ukoje? Ninahitaji gari?

Katikati ya mji, hapana. Treni ya chini ya ardhi, ambayo kila mtu huiita "T", ilianza mwaka 1897 na ndiyo ya kwanza Marekani. Uzee huo unaonekana katika ucheleweshaji wake. Haikeshi, kwa hiyo anayefanya kazi ya usiku hospitalini apange njia nyingine ya kurudi. Vitongoji vya mbali vinahitaji gari, na dereva mgeni ategemee mitaa ya njia moja isiyofuata mpangilio wowote, kwa sababu iliyoelezwa katika swali la ardhi.

Kwa nini kila mtu anahama tarehe 1 Septemba?

Kwa sababu ya wanafunzi. Mikataba mingi ya nyumba huanza na kuisha siku hiyo, na katika mtaa wa Allston njia hujaa magodoro na meza ambazo wapita njia hujichukulia. Chunguza kunguni kabla ya kubeba godoro la bure. Ukikodi lori, usiingie Storrow Drive: madaraja yanayopita juu yake ni ya chini, na kila mwaka paa la lori la mtu hubaki hapo.

Kodi ni ghali mno. Mwenye nyumba anaweza kudai kodi ya mwezi wa kwanza, ya mwezi wa mwisho, na amana isiyozidi kodi ya mwezi mmoja, ambayo lazima aiweke benki katika akaunti ya pekee. Tangu Agosti 2025 sheria ya jimbo inataka dalali alipwe na aliyemwajiri, kwa hiyo usikubali kubebeshwa ada ya dalali ambaye hukumwita.

Baridi ni kali kiasi gani?

Theluji ya mwaka wa kawaida ni sentimita 120 hivi, lakini majira ya 2014 hadi 2015 ilifika karibu 281. Kinachochosha zaidi ni giza: mwezi Desemba jua hutua kabla ya saa kumi na moja jioni. Nunua viatu visivyopenya maji kabla ya koti la gharama. Mwenye nyumba anawajibika kisheria kuhakikisha chumba kinapata joto la nyuzi 20 hivi mchana, na akishindwa, piga 311 ili mji utume mkaguzi.

Chakula gani ni cha mji huu hasa?

Supu nzito ya maziwa, viazi na kombe, kambakoche, chewa wa bahari baridi, ambaye sanamu yake ya mbao imening'inizwa katika ukumbi wa bunge la jimbo. Supu hiyo mara nyingi hutiwa nyama ya nguruwe, na kwa hiyo Mwislamu aulize kwanza.

## Mambo ya nadra

South End na South Boston si mahali pamoja?

Si pamoja, na aliyekosea hupotea. South End ni mtaa wa nyumba za matofali karibu na Back Bay. South Boston, au "Southie", ni rasi ya Waairishi kando ya bandari.

Nimekuta kiti cha jikoni katikati ya maegesho baada ya theluji. Naweza kukiondoa?

Usikiondoe. Aliyechimba nafasi ile kwa koleo ameiwekea alama, na desturi inalindwa kwa hasira. Mji huivumilia kwa saa 48 baada ya dharura ya theluji kutangazwa kwisha, isipokuwa South End, ambako imekatazwa.

Kwa nini ofisi za mji hufungwa tarehe 17 Machi?

Rasmi, ni kumbukumbu ya majeshi ya Uingereza kuondoka Boston tarehe hiyo mwaka 1776, baada ya George Washington kupandisha mizinga kwenye vilima vya Dorchester. Ni pia sikukuu ya Mtakatifu Patrick wa Waairishi, na hakuna anayedhani kwamba maandamano ya Southie ni kwa ajili ya mizinga.

Mutai alikimbia marathoni ya Boston kwa kasi kuliko rekodi ya dunia mwaka 2011. Kwa nini haikuhesabiwa?

Alimaliza kwa saa 2:03:02, wakati rekodi ya dunia ilikuwa 2:03:59. Kanuni za kimataifa zinataka mwanzo na mwisho wa njia visiachane kwa zaidi ya nusu ya umbali wa mbio, na mteremko usizidi mita moja kwa kila kilomita. Hopkinton na Boylston zimetengana karibu umbali wote, na njia hushuka mita 140 hivi; siku ile, tena, upepo uliwasukuma mgongoni. Moses Mosop, aliyekuwa akikimbia marathoni kwa mara ya kwanza maishani, alimfuata Mutai kwa sekunde nne, na muda wake pia haukuhesabiwa.